Barua, Leso na Mizani Nane: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu ya El perro del hortelano (1996)

Usiku, ndani ya jumba la kontesa mmoja mjini Naples, wanaume wawili wanakimbia gizani. Mmoja ni Teodoro, katibu wa nyumba hiyo. Mwingine ni Tristán, mtumishi wake, ambaye anavua kofia na kuirushia taa ili izimike wasitambuliwe. Mwenye nyumba, Diana, kontesa wa Belflor, anaamka amekasirika, anawaita watumishi wote na kuwahoji mmoja mmoja, na muda si mrefu anapata jibu ambalo hakulitarajia: mwanamume aliyeingia hakumfuata yeye, bali alimfuata Marcela, mmoja wa wasichana wanaomhudumia. Uzuri wa Teodoro na akili yake Diana alikuwa amekwisha kuviona mara nyingi, naye alikuwa akijizuia kwa sababu ya heshima ya jina lake. Kujua kwamba mwingine anampenda ndiko kulikomwondolea usingizi.

Hivyo ndivyo inavyoanza tamthilia ya El perro del hortelano, ambayo Lope de Vega, mtunzi wa Hispania, aliiandika karibu mwaka 1613 na ikachapishwa mwaka 1618. Jina lake limetolewa katika methali ya Kihispania inayomhusu mbwa wa mtunza bustani, ambaye mboga hali, na akija mwingine kuzila anambwekea. Diana ndiye mbwa huyo. Hawezi kuolewa na katibu wake kwa kuwa cheo hakimruhusu, na hawezi kumwachia Marcela aolewe naye kwa kuwa wivu haumruhusu. Kila Teodoro anapomgeukia Marcela, kontesa anamvuta. Na kila anapothubutu kumsogelea kontesa, anasukumwa arudi mahali pake.

Kisa ninachokichambua hapa, hata hivyo, si cha Diana peke yake. Ni cha Pilar Miró, mwongozaji wa filamu wa Hispania, aliyeamua katikati ya miaka ya 1990 kuitengeneza tamthilia hiyo kuwa filamu huku wahusika wake wakiendelea kusema kwa ushairi, kama Lope alivyowaandikia, bila kuuvunja kuwa nathari. Uamuzi huo ni rahisi kuusifu kwamba ni heshima kwa mambo ya kale. Mimi nauona kwa namna nyingine. Katika kisa hiki ushairi si vazi ambalo mtu angeweza kulivua hadithi ikabaki ile ile, kwa sababu mapenzi ya Diana na Teodoro yanazaliwa, yanafichwa na kugombewa ndani ya maandishi. Ukiuondoa ushairi, huna tena mahali ambapo watu hawa wawili wanaweza kukutana.

Inafaa kukumbuka hali ilivyokuwa. Hispania ina hazina kubwa ya tamthilia za karne ya 17, lakini haikuwa imejenga desturi ya kuzipeleka kwenye filamu pamoja na ushairi wake. Ufaransa ilikuwa imetoa filamu ya Cyrano de Bergerac mwaka 1990 kwa ushairi, na mwaka 1993 mwongozaji Kenneth Branagh alikuwa amemfikisha Shakespeare kwa watazamaji wengi wa kawaida. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba tamthilia hii hii ya Lope ilikuwa imekwisha kupigwa picha na watu wa mbali: mwaka 1978 studio ya Lenfilm ya Umoja wa Kisovieti ilitengeneza filamu ya televisheni kwa Kirusi, yenye nyimbo ndani yake, Margarita Terekhova akiwa Diana na Mikhail Boyarsky akiwa Teodoro, nayo ikapendwa mno. Warusi walikuwa wakimwimba Lope sebuleni mwao miaka 18 kabla ya wenye lugha yake kuisikia tamthilia hii kwenye sinema.

Miró hakuwa mtu wa kuingia katika jambo hili kwa kubahatisha. Alikuwa ametoka katika televisheni. Filamu yake ya El crimen de Cuenca, inayohusu watu walioteswa wakiri mauaji ambayo hayakutokea, ilizuiliwa na mamlaka ya kijeshi. Na baadaye aliongoza idara ya serikali ya filamu, kisha shirika la redio na televisheni la taifa. Mswada aliuandika pamoja na Rafael Pérez Sierra, mtu wa tamthilia za kale ambaye alikuwa amepata kuiongoza kampuni ya taifa ya maigizo hayo. Tamthilia ina mistari zaidi ya 3,300, na filamu haifiki saa 2, kwa hiyo walikata, tena walikata sana. Lakini kile kilichobaki kilibaki na mizani yake. Upigaji wa picha ulisimama kwa kukosa fedha kabla ya kuendelea na kumalizika. Sitaki kuipamba habari hiyo, ila naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kulikuwa na watu waliotia shaka ikiwa mtazamaji wa wakati huo angekaa kitini akisikiliza mashairi ya miaka karibu 400 iliyopita.

Msomaji wa Kiswahili ana sikio la kulielewa jambo hili, pengine kuliko wasomaji wengi. Sehemu kubwa ya tamthilia imetungwa kwa mistari ya mizani 8, idadi ile ile ya kipande cha utenzi, na Kihispania kina irabu tano kama zetu, hivyo mpigo wake hautushangazi. Ubeti uitwao redondilla una mistari minne ya mizani 8. Tofauti na utenzi ni kwamba mstari wa kwanza unapatana kina na wa nne, na wa pili na wa tatu, badala ya mitatu kuchukua kina kimoja na wa nne kubeba bahari. Kuna pia utungo uitwao romance, ambao vina vyake ni vya irabu tu na huangukia mistari ya shufwa, konsonanti zikiachwa zibadilike zinavyotaka. Irabu ya mwisho wa neno ikikutana na irabu ya mwanzo wa neno linalofuata, huhesabiwa mizani moja, jambo lililo jirani na inkisari ya washairi wetu. Mstari wa kwanza wa soneti (shairi la mistari 14) ambayo Diana anaitunga katika kisa hiki, "Amar por ver amar, envidia ha sido", una mizani 11 kwa sababu hiyo tu. Ukizitenganisha irabu za envidia na ha, unaharibika.

Lope mwenyewe alikuwa ameeleza mwaka 1609, katika utungo wake kuhusu namna mpya ya kutunga tamthilia, kwamba kila hali ina bahari yake, yaani aina yake ya utungo. Malalamiko yaende kwa décima, yaani ubeti wa mistari 10, masimulizi kwa romance, mambo ya mapenzi kwa redondilla, na soneti wapewe wale wanaongoja. Maana yake ni kwamba mtazamaji wa zamani, hata kabla hajasikia neno, angeweza kujua kwa mpigo tu kuwa mhusika amehama kutoka mazungumzo ya kawaida na kuingia katika upweke wake. Mwongozaji anayeuvunja ushairi huo anapoteza ramani ya mioyo ya wahusika, na inambidi atafute muziki au machozi ya kuijazia nafasi.

Sasa tuyatazame maandishi yenyewe, maana hapo ndipo kisa kilipo. Diana hawezi kumwambia katibu wake kwamba anampenda. Anachofanya ni kutunga soneti, akadai kwamba rafiki yake anahitaji barua ya mapenzi na amemwomba aiandike, kisha anampa Teodoro aisome na kuirekebisha. Soneti inasema jambo geni: mwanamke huyo amependa kwa kuona wengine wakipendana, na wivu wake umetangulia mapenzi yake. Teodoro anaisoma. Yeye ni mtu wa kalamu, anajua uzito wa maneno, lakini pia ni mtu mwenye mshahara, na katibu anayemsoma bwana wake vibaya hupoteza kazi, pengine na zaidi ya kazi. Anaomba ruhusa ya kuandika yake badala ya kuigusa ya kontesa, naye anajibu kwa soneti inayozunguka jambo lile lile, kwa uangalifu wa mtu anayekanyaga sakafu asiyojua kama itamhimili. Diana anaisifu kuliko yake mwenyewe. Hakuna aliyesema "nakupenda", na wote wawili wamekwisha kusema.

Katika nathari tukio hili lingeonekana mchezo wa kitoto, watu wazima wakijifanya hawaelewani. Katika ushairi lina mantiki, kwa kuwa soneti ni kitu ambacho mtu anaruhusiwa kukitunga kwa niaba ya mwingine. Inampa Diana pazia ambalo ni halali mbele ya macho ya nyumba nzima. Emma Suárez, anayemwigiza, haisemi mistari hiyo kana kwamba anakariri. Anaisema kana kwamba ndiyo njia pekee ya heshima iliyobaki kwake. Kwetu husemwa kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na Diana anatumia mizani 11 kujaribu kukizuia kikohozi hicho kifuani.

Sehemu hii Lope hakuitunga kwa kuwazia tu. Alizaliwa Madrid mwaka 1562, mtoto wa fundi wa kutarizi, na kwa miaka mingi aliishi kwa kuwatumikia makabaila kama katibu. Kwa Duke wa Sessa aliandika hata barua za mapenzi ambazo duke huyo aliwapelekea wanawake wake, kazi iliyokuja kumtesa dhamiri baada ya kupewa upadri mwaka 1614. Mtu huyo alijua vizuri jinsi kalamu ya mtumishi inavyoweza kuingia katika chumba ambacho mwenye kalamu hawezi kuingia. Anapomweka Teodoro mezani, anamweka mtu anayemfahamu.

Mchezo wa barua unarudi baadaye, na mara hii ni mkali zaidi. Diana anamwita Teodoro aandike barua anayomsomea kwa mdomo. Barua inasema kwamba mwanamke wa cheo akishajieleza kwa mwanamume mnyonge, ni aibu kubwa kwa mwanamume huyo kurudi kuzungumza na mwanamke mwingine, na asiyeijua thamani ya bahati yake na abaki na ujinga wake. Katibu anaandika neno kwa neno. Anapouliza jina la kuandika juu ya bahasha, anaambiwa aandike la kwake. Hebu fikiria mkono unaoandika karipio bila kujua kwamba mwenye mkono ndiye anayekaripiwa. Na angalia kwamba barua hii, tofauti na ile ya kwanza, Lope aliiandika kwa nathari. Wakati Diana alipokuwa akijificha alitumia soneti; anapochoka kujificha, ushairi unamwishia. Tofauti hiyo ina maana kwa sababu tu kila kitu kinachoizunguka kimebaki katika mizani, na mwongozaji aliyegeuza tamthilia yote kuwa nathari asingekuwa na njia ya kuionyesha.

Kisha kuna leso. Teodoro, akiwa amechoka kuvutwa na kusukumwa, anamtupia Diana ile methali ya mbwa usoni: ama ale, ama aache wengine wale, maana yeye hawezi kuishi kwa matumaini yanayochosha. Anatangaza kwamba anarudi kwa Marcela. Kontesa anampiga makofi hadi damu inamtoka na kulowesha leso yake. Baadaye anamfuata, anamtaka amwonyeshe leso ile, anaiona damu, na badala ya kumrudishia anaichukua iwe yake. Kwa kuibadilisha anaagiza apewe eskudo 2,000, sarafu za dhahabu, za kununulia leso nyingine. Tristán, ambaye kazi yake ni kusema yale ambayo tumbo linafikiri, anamwambia bwana wake kwamba kwa bei hiyo makofi mengine kadhaa si hasara.

Watazamaji hucheka hapo, nao wana haki. Lakini mimi kila nikirudia tukio hilo naona jambo zito. Diana ana mamlaka ya kumpiga mtu anayempenda, ana fedha za kulipia damu yake, na kitu pekee asichokuwa nacho ni ruhusa ya kumgusa kwa upole. Ndiyo maana anabaki ameishika leso. Carmelo Gómez anamchezea Teodoro wake hapo kwa kutulia sana, akiyasema maneno yake taratibu kama mtu anayehesabu alichobakiza. Yeye na Suárez walikuwa wamekwisha kuigiza pamoja katika filamu za mwongozaji Julio Medem, na mazoea hayo yanaonekana katika jinsi kila mmoja anavyomwachia mwenzake nafasi ya kupumua mwishoni mwa mstari.

Pumzi hiyo ndiyo ufundi mkubwa wa filamu. Waigizaji wake walifunzwa kusema ushairi na Alicia Hermida, mwigizaji na mwalimu, na matokeo yake ni kwamba mistari haisikiki kama ngoma inayopigwa mahali pamoja. Lope hutumia sana mistari mishata, ambamo sentensi inavuka mwisho wa mshororo na kwenda kutua katikati ya unaofuata. Mwigizaji akisimama kwenye kila kina, anageuka mtoto wa shule anayekariri; akipuuza vina kabisa, anaua mpigo. Waigizaji hawa wanafuata maana na kuachia vina vifike vyenyewe. Baada ya dakika kama 10 sikio la mtazamaji linaacha kushtuka, na kutoka hapo linaanza kungoja kina kama vile mtu anavyongoja hatua ya pili baada ya kusikia ya kwanza ngazini.

Kwa upande wa macho, Miró hakutaka jukwaa. Naples yake aliitafuta Ureno, katika majumba na bustani za kale, likiwemo jumba la Marquês de Fronteira jijini Lisbon, lenye kuta za vigae vya bluu na vyeupe. Javier Aguirresarobe alipiga picha mchana wenye jua kali, na Pedro Moreno alibuni mavazi ambayo Diana anayabadilisha karibu kila anapobadilika moyo. Kuna mahali ambapo uzuri huu unazidi, nguo inaingia kwanza na mhusika anafuata nyuma, sitalificha hilo. Wachumba wawili wa kikabaila wanaomwinda Diana nao wamechorwa kwa vichekesho vyepesi mno kiasi kwamba wanapopanga kumuua Teodoro hatuogopi.

Kasoro inayoniuma zaidi ni ya Marcela. Ana Duato anamwigiza vizuri, na katika matukio ya mwanzo tunamwona ni msichana mwenye haki: alipendwa kwanza, aliahidiwa, akafungiwa chumbani kwa amri ya bibi yake aliyekuwa na wivu, na Teodoro alimkana na kumrudia kadiri upepo wa kontesa ulivyovuma. Mwishoni anaozwa kwa Fabio, mtumishi mwenzake, kama mtu anavyopanga viti baada ya wageni kuondoka. Lope alifanya hivyo kwa sababu tamthilia za wakati wake zilitaka kila mtu afunge ndoa. Filamu ya mwaka 1996, iliyoongozwa na mwanamke aliyejua vizuri gharama ya kuamuliwa na wakubwa, ingeweza kumpa Marcela muda mrefu zaidi wa uso wake tu, bila neno hata moja, bila kugusa mzani wa Lope. Haikumpa.

Filamu ilipokelewa kwa namna ambayo waliokuwa na shaka hawakuitarajia. Katika tuzo za Goya, tuzo za filamu za Hispania, za Januari 1997 ilitajwa mara 12 na kushinda mara 7, zikiwemo ya mwongozaji bora, ya mwigizaji bora wa kike kwa Suárez, na ya mswada uliotokana na kazi nyingine kwa Miró na Pérez Sierra. Filamu bora ya mwaka ilikuwa Tesis ya Alejandro Amenábar, kijana aliyekuwa akianza. Miró alifariki Oktoba mwaka huo huo wa 1997, akiwa na umri wa miaka 57.

Limebaki suala la mwisho wa hadithi, ambalo watu hulipita haraka kwa kuwa linaonekana ni hila ya kufungia mchezo. Tristán anakwenda kwa mzee Ludovico, kabaila aliyempoteza mwanawe baharini miaka 20 nyuma, na kujifanya mfanyabiashara mgeni mwenye habari kwamba Teodoro ndiye mwana huyo. Mzee analia kwa furaha na kuamini. Ghafla katibu ana baba, ana cheo, na Diana anaweza kuolewa naye bila aibu. Lakini Teodoro hawezi kuubeba uongo huo. Anakwenda kwa Diana na kukiri kwamba yeye ni mtoto asiyemjua baba yake, na kwamba yuko tayari kuondoka. Diana anamjibu kwamba raha haimo katika ukubwa, bali imo katika roho kupata kile inachokitamani. Kisha anafikiria kumtupa Tristán kisimani akilala, ili siri isije ikatoka. Tristán, aliyekuwa akisikiliza, anajitokeza kulalamika. Ni mzaha, lakini umesemwa na mwanamke ambaye tumekwisha kumwona akipiga hadi damu itoke.

Kwa hiyo ndoa inafungwa juu ya uongo unaojulikana na watatu tu, huku mzee Ludovico akibaki na mwana ambaye si wake na Marcela akisimama pembeni na mume ambaye hakumchagua. Lope anaongeza watu wa nne, nao ni sisi. Katika mistari ya mwisho Teodoro anawageukia watazamaji, anawaita baraza tukufu, na kuwaomba wasimwambie mtu yeyote siri yake, kwa utungo wa romance ambao vina vyake ni irabu e na a tu: ruega, vuestra, comedia.